Nyumba ya Kisiwani Iliyopanda Meru

Tabea alimjua nyapara Koikai kwa viatu vyake kabla ya kumjua kwa uso. Katika njia zile za utelezi zinazopanda kwenda Nkoaranga, watu wote walitembea pekupeku, wakishika ardhi kwa vidole vya miguu. Koikai peke yake alivaa viatu vya ngozi alivyopewa na Mzungu wake, na nyayo zake zilibaki kwenye tope kama mihuri. Tangu mwanawe Sumari alipokufa, Tabea alizisoma nyayo hizo kila asubuhi alipokwenda kuchota maji. Zikielekea juu, yeye alishuka. Zikielekea chini, alikata kwenye migomba akapita kando ya mfereji. Hakuwa akimwogopa. Alikuwa akimkimbia asije akamwomba radhi.

Mgeni atashangaa kusikia hivyo, lakini Mmeru hatashangaa. Mtu aliyekukosea, hata kama ameipotezea nyumba yako mtu, akija kwako na jani la isale mkononi, mikono yako imefungwa. Isale ni mmea mdogo tu, wa majani marefu ya kijani, unaopandwa mipakani na kwenye makaburi. Lakini ukiletewa jani lake ukalikataa, ubaya hugeuka na kukurudia wewe na watoto wako. Tabea alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja, Magdalena, aliyeolewa bonde la pili, na Magdalena alikuwa na mimba yake ya kwanza. Basi shauri la Tabea lilikuwa moja: Koikai aangamie kabla hajafikiria kuleta isale.

Kanisani napo hakukuwa na nafuu. Alikuwa amebatizwa hapo misheni ya Nkoaranga, na alijua kusoma polepole kwa kufuata herufi kwa kidole. Siku hizi alikaa nyuma karibu na mlango, na sala ya Baba Yetu ilipofika pale pa kuwasamehe waliotukosea, yeye alikohoa. Alikohoa mpaka maneno yale yakapita.

Nyumba iliyomuua mwanawe ilikuwa ya chuma, na haikutengenezwa kwa ajili ya Meru hata kidogo. Ilifuliwa Ulaya vipande vipande, kila kipande kikapakwa alama ya rangi, ili ipelekwe kwenye kisiwa fulani cha bahari za mbali ambako Wajerumani nao walikuwa na mashamba ya minazi, na hakukuwa na fundi wala mbao za kuaminika. Huko ilikuwa iwe karakana ya kutengenezea mashua na mashine. Kabla haijapakiwa melini, mwenye shamba la kisiwani akafa kwa homa. Ndugu zake wakaiuza kwa bei ya kutupa, na aliyeinunua ni mlowezi mmoja mwenye shamba la kahawa chini ya Nkoaranga, mtu mwenye shingo nyekundu, ambaye watu walimwita Bwana Haraka kwa sababu katika Kiswahili chote alilijua vizuri neno hilo tu.

Ndivyo nyumba ya kisiwani ilivyokuja mlimani. Iliteremshwa Tanga, ikapanda garimoshi mpaka Moshi, na kutoka Moshi ikavutwa na maksai. Ilikuja na hofu zake zote za baharini: kamba za chuma za kuifunga ardhini isichukuliwe na tufani, rangi nzito ya kuzuia chumvi, na miguu mirefu ya kuinua sakafu ili maji yapite chini. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. "Bwana Haraka anaogopa mawimbi ya mfereji," walisema.

Maksai waliishia barabarani. Kutoka hapo mlima ulikuwa wa miguu ya watu, na watu walitolewa katika kila ukoo kwa amri. Katika nyumba ya Tabea alitolewa Sumari, maana hakukuwa na mwanamume mwingine. Baba yake alikuwa amefia kwenye kazi za amri miaka ile boma la Arusha lilipokuwa likijengwa.

Sumari na wenzake watatu walipewa boriti ndefu kuliko zote. Mvua ilikuwa imenyesha. Walipofika kwenye korongo la mto, mahali ambapo gogo limelazwa kuwa daraja, Sumari aliyekuwa mbele alisimama, akasema boriti ifungwe kamba kwanza, watu wavuke mikono mitupu, kisha waivute taratibu. Hivyo ndivyo wanavyofanya wanaoshusha magogo kutoka msituni. Koikai, aliyekuwa nyuma na kiboko chake, akacheka kwa sauti ili wote wasikie.

"Kamba ni za wanawake wanaofunga kuni," alisema. "Au nimwite mama yako aje abebe upande wako?"

Vijana wakacheka naye, maana mwenye kiboko akicheka, wenzake wanacheka. Sumari akapanda juu ya gogo. Alipofika katikati, mguu ukateleza. Boriti ilimfuata mpaka chini korongoni, ikamlalia kifuani ndani ya maji.

Hayo yote Tabea aliyapata kutoka kwa vijana waliomleta Sumari nyumbani, mmoja mmoja, akiwabana kwa maswali mpaka maneno yao yakalingana.

Koikai alikuja msibani baada ya mazishi. Alikuwa Mwarusha, mtu wa upande wa Sekei, aliyechukuliwa angali mtoto kubeba mawe ya boma na tangu hapo hakurudi tena kwenye ng'ombe wa baba yake. Hakuingia ndani. Alisimama mpakani, karibu na masale yaliyopandwa kuuzunguka ua, na mkono wake ukawa unayachezeachezea majani bila kujua unachokigusa. Tabea aliuona mkono ule, moyo ukamruka. Alipoona haukuchuma kitu, akatulia.

"Mama, poleni," alisema Koikai.

"Ulimwambia nini mwanangu pale kwenye gogo?"

"Nilimwambia apite. Kazi ni kazi."

"Alikuomba kamba au hakukuomba?"

Koikai akatazama viatu vyake. Watu wa msiba walikuwa wote wakimsikiliza, na huenda ndiyo sababu kiburi kikampanda.

"Mimi sikumgusa, mama. Chuma ndicho kilichomuua. Kama una kesi, kashitaki chuma."

Kisha akageuka akaenda zake, nyayo zake zikibaki kwenye tope.

Shemeji yake Tabea, mzee Aminieli, alitaka ukoo utume mjumbe, wamfundishe yule kijana namna watu wanavyomaliza jambo kama hilo: isale, kondoo, wazee wakae. "Ni Mwarusha, hajui," alisema. "Mtu asiyejua hufundishwa."

"Asifundishwe," alisema Tabea.

"Mama Sumari!"

"Shemeji, nimesema asifundishwe. Atakayekwenda kumfundisha asije kunywa pombe ya mbege nyumbani kwangu tena."

Aminieli akainuka akaondoka, maana alimjua shemeji yake.

Siku chache baadaye Bwana Haraka alitaka wanawake wa kubeba maji na mawe ya msingi, na watu waliona ajabu Tabea alipojitokeza wa kwanza. Wengine walidhani uchungu umemharibu akili. Yeye alibeba maji yake, akaweka mtungi chini, akatazama. Tangu utoto wake alikuwa mtu wa kutazama. Hata Sumari alipokuwa mchanga, Tabea aliweza kukaa saa nzima akihesabu pumzi za mtoto tu, asije akaacha kupumua.

Aliona jinsi vipande vya ile nyumba vilivyopangwa kwenye majani, alama kwa alama. Kilichobaki, Koikai alimfundisha mwenyewe kwa majivuno yake. Koikai alipenda kusimama mbele ya wanawake akieleza mambo aliyoyasikia kwa Bwana.

"Mnaona haya?" alisema siku moja, akifungua sanduku dogo la mbao na kutoa bamba la chuma lililopinda katikati, lenye matundu pande zote. "Mtoto anaweza kulichezea. Lakini hili ndilo linalokaa kileleni mwa paa, pale boriti ya huku inapokutana na ya kule. Bila hili zitatazamana tu kama watu waliogombana. Na huku kwetu hakuna anayeweza kulitengeneza. Likipotea, mpaka meli ije kutoka Ulaya!"

"Kumbe nyumba kubwa hivi inashikwa na kitu kidogo hivyo!" alisema mwanamke mmoja.

"Ndiyo akili ya Mzungu," alisema Koikai, akacheka, akarudisha bamba sandukuni.

"Na sanduku nani analilinda?" Tabea aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa.

"Mimi, mama. Kila kitu kilichotoka Moshi nilikipokea mimi. Kikikosekana, mgongo ni huu."

Alijipiga mgongoni kwa mzaha. Tabea akautazama mgongo ule.

Wanawake wa mlimani hawarudi nyumbani mikono mitupu. Ng'ombe wa Wameru wengi hawachungwi. Hukaa zizini, nao huletewa majani na migomba iliyokatwakatwa, mzigo kwa mzigo, juu ya vichwa vya wanawake. Hakuna askari wala nyapara aliyewahi kuupekua mzigo wa majani ya ng'ombe. Wakati wa kula, wanaume walipokuwa wamekaa kivulini na Bwana amelala, Tabea alichukua bamba moja akalifungia ndani ya mzigo wake, akauweka kichwani, akaanza kupanda. Shingo ilimwuma. Alipita mbele ya Koikai.

"Mama Sumari!" Koikai aliita, na Tabea akaushika mzigo kwa mikono miwili. "Huyo ng'ombe wako anakula kuliko maksai wa Bwana!"

"Ana mimba," alisema Tabea bila kugeuza kichwa. "Anakula kwa ajili ya wawili."

Watu wakacheka. Naye aliendelea kupanda, na alipofika penye migomba ambapo hakuna aliyemwona, alicheka pia, kicheko kikavu asichokijua yeye mwenyewe. Kesho yake akachukua jingine, na siku zilizofuata mengine, mpaka sanduku likabaki na vipande vya mbao alivyoviweka chini na mabaki ya turubai juu, ili lisiwe jepesi mno kwa atakayelisogeza.

Mahali pa kuyaficha hakuhangaika napo. Kaburi la Sumari lilikuwa ndani ya kihamba, shamba la ukoo, kati ya migomba, na masale yamepandwa kichwani pake. Hakuna Mmeru anayechimba penye masale ya kaburi. Alifukua kidogo kwa mkono, akayalaza mabamba chini ya mizizi, akarudishia udongo. "Kalale nayo," alimwambia mwanawe. "Chuma kimoja kilikulalia, hivi utavilalia wewe."

Ikafika siku ya kuinua nyumba. Walowezi wa jirani walikuja na farasi zao kutazama. Nguzo zilisimamishwa, boriti zikavutwa juu kwa kamba. Naam, kwa kamba! Tabea alisimama na mtungi wake akaziona kamba zile, nene, mpya, zikifungwa na Koikai mwenyewe kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu Wazungu walikuwa wanatazama. Hapo huruma yoyote iliyokuwa imebaki ndani yake, kama ilikuwepo, ikafa.

Kisha Bwana Haraka akaita mabamba ya kileleni. Sanduku likafunguliwa.

Kelele za Bwana zilisikika mpaka misheni. Mambo ya Wajerumani yanajulikana: Koikai alilazwa pale pale juu ya sanduku lake, na askari aliyekuja na wageni akamchapa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Tabea alikuwa amejiahidi kwamba hatageuza uso, na hakugeuza. Alitazama kila kiboko. Alingoja ndani yake kushibe. Hakukushiba. Alijikuta anatazama viatu vya Koikai, vilivyokuwa vimevuliwa na kuwekwa kando vizuri, kimoja kando ya kingine, kama vya mtu anayekwenda kulala.

Bwana akatoa neno lake: mabamba yapatikane kabla gari la maksai halijaondoka kwenda Arusha. Yasipopatikana, Koikai atapanda gari hilo kwa mnyororo, apelekwe bomani kama mwizi. Na kila mtu alijua kwamba wengi waliopelekwa kwenye mnyororo hawakurudi na afya waliyokwenda nayo.

"Sasa imetosha," Aminieli alimwambia Tabea jioni ile, akimtazama kwa jicho la pembeni. Hakuuliza kitu. "Kama kuna mtu anajua chochote, imetosha."

"Sumari alipolaliwa na chuma, nani alisema imetosha?"

Asubuhi iliyofuata hakuona nyayo za viatu njiani, naye akasahau tahadhari. Koikai alikuwa pekupeku. Alitokea mbele yake ghafla kwenye kona ya mfereji, anatembea kama mzee, shuka limegandamana mgongoni. Mkononi alishika nyasi mbichi, amezing'oa na udongo wake. Akaziinua mbele yake.

Tabea alijua maana yake. Amezaliwa na kukua jirani na Waarusha, angekosaje kujua? Kwao, kama ilivyo kwa Wamasai, mtu akishika nyasi anaomba amani, na hata aliyekwisha kuinua fimbo huishusha. Lakini hizo zilikuwa nyasi za Waarusha. Yeye alikuwa Mmeru.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeniletea ng'ombe wangu chakula?"

"Mama, unajua nilicholeta."

"Naona nyasi. Nyasi ni za mbuzi."

"Watu wamegeuka, hawasemi nami. Bwana ananiita mwizi. Sijaiba, mama. Nafikiri ni laana ya nyumba hii. Nafikiri ni Sumari."

"Si ulisema ni chuma? Kiombe chuma radhi."

Koikai hakuzishusha zile nyasi. Alikuwa kijana bado. Mbali na kiboko chake, alikuwa karibu rika la Sumari. Tabea aliona hilo akakasirika kwamba ameliona. Akampita, bega likigusa zile nyasi, akijua ameponea chupuchupu. Mtu akianza kutafuta namna ya kuomba, ataipata. Alihitaji mapambazuko mawili tu zaidi, gari la maksai liondoke.

Hakuyapata. Kesho yake, alipokuwa akimenya ndizi mlangoni na Magdalena, miguu imemvimba kwa mimba, amekaa kando yake, amekuja kumtazama mama yake, alimwona Aminieli anaingia uani. Nyuma yake alikuwa Koikai. Aminieli alivuta kondoo kwa kamba.

"Umemfundisha," alisema Tabea.

"Nimemfundisha," alisema Aminieli. "Ninyime pombe yako. Nimeshazeeka, itanisumbua tumbo hata hivyo." Kisha akamtazama Koikai na uso ukamharibika. "Lakini huyu kijana, nilimwambia isale, nikamwacha aende kutafuta, na tazama alichokifanya!"

Koikai alikuwa ameshika isale zima. Si jani, mmea wote, shina na mizizi, na udongo unadondoka. Alikuwa ameling'oa kama watu wa kwao wanavyong'oa nyasi.

"Isale haling'olewi," Aminieli alilalamika. "Mtu huchuma jani moja tu, kwa adabu! Na kati ya masale yote ya Meru, amelitoa wapi?"

"Nilikwenda kwake kwanza," alisema Koikai kwa sauti ndogo. "Niliona si haki kumwomba mama kabla sijamwomba mwenyewe."

Tabea akasimama. Ndizi zikamwanguka kutoka mapajani. Alijua sasa, kabla Koikai hajafungua shuka lake, ni nini kilichokuwa ndani. Koikai akapiga magoti, akalilaza isale chini mbele ya miguu yake, na kando yake akayapanga yale mabamba, yameshika udongo mwekundu wa kaburi.

"Haya yalikuwa chini ya mizizi," alisema.

Magdalena akaweka mkono mdomoni. Aminieli aligeuka taratibu akawa anatazama migomba. "Macho yangu siku hizi yana ukungu," alisema. "Naona kondoo na isale. Sioni kingine."

Tabea alimtazama Koikai akingoja atishie, apige kelele, ataje jina la Bwana. Angeweza kushuka na mabamba yale moja kwa moja mpaka shambani, amtaje aliyeyaficha, na yeye Tabea angepanda gari la maksai kwa mnyororo badala yake. Badala ya hayo, alikuwa amepiga magoti kwenye maganda ya ndizi.

"Sema," alisema Tabea.

"Naomba radhi, mama."

"Si hivyo. Sema ulichokifanya. Sema kamba."

"Sumari aliomba kamba. Boriti ifungwe kwanza. Alikuwa na haki, nilijua ana haki. Lakini alisema mbele ya watu, nikaona nikikubali wataniona mdogo. Nikamcheka. Nikamtaja mama yake. Akapanda gogo kwa sababu ya kicheko changu."

"Nani alimuua?"

"Mimi, mama. Chuma kilikuwa mkononi mwangu."

Tabea alikuwa amengoja maneno haya kwa hamu kubwa kuliko viboko, na hakujua mpaka alipoyasikia. Akamtazama Magdalena, tumbo lake, miguu yake. Kisha akainama, akachuma jani moja kwenye lile isale lililong'olewa vibaya, akalishika kwa mikono miwili. Uchungu haukuwa umemtoka. Alilipokea kama mtu anavyokunywa dawa ya mwarobaini.

"Nimelipokea," alisema. "Shemeji, umesikia. Na hilo shina mkalipande mlikolitoa, msiliache likanyauka."

Koikai akalia. Kisha akajifuta, akaanza kuyakusanya mabamba. "Nitayapeleka mimi. Nitamwambia Bwana nimeyaokota njiani."

Hapo jaribu likaja, tena kubwa kuliko yote, kwa sababu halikuhitaji afanye lolote. Bwana Haraka asingeamini habari ya kuokota. Angesema mwizi ameogopa akarudisha, na mnyororo ungekuwa pale pale. Tabea alihitaji tu kunyamaza. Alimwacha Koikai akafunga fundo la shuka. Alimwacha akasimama. Alimwacha akafika mpakani penye masale. Lile jani lilikuwa bado mkononi mwake, baridi, na Magdalena alikuwa anamtazama.

"Koikai!"

Akageuka.

"Weka hivyo vitu chini. Una watu wapi, mbali na boma?"

"Wajomba. Terrat, tambarare, na ng'ombe."

"Basi nenda Terrat. Zungukia msituni, usipite barabarani. Ukiyapeleka haya watakufunga, usipoyapeleka watakufunga. Nimepokea isale lako. Sitaki mnyororo wako uje kulia mlangoni kwangu."

"Na mabamba, mama?"

"Hayo yana kesi na mimi. Wewe mwenyewe ulinituma."

Akaenda. Alikuwa pekupeku, kwa hiyo hakuacha alama ya kiatu. Tabea alifunga mabamba katika mzigo wa majani kama alivyozoea, akashuka mpaka kwenye korongo, mahali palipo na gogo. Chini yake maji yamechimba shimo refu kati ya mawe, na hakuna aliyewahi kuifikia sakafu yake. Alisimama kwenye gogo, mahali aliposimama Sumari. Akalitupa bamba la kwanza, akasikia maji yanalimeza. Alikuwa na nafasi ya kutosha, hakufanya haraka. Kila moja alilitupa kwa mkono wa kulia, kwa nguvu, kama anayempiga mtu, na alipomaliza la mwisho, kule ndani palipokataa kushiba siku ya viboko, pakashiba.

Bwana Haraka alituma askari Sekei kumtafuta mwizi wake, hawakumpata. Akaagiza mabamba mengine Ulaya. Wakati akingoja, alijaribu kuunga kilele kwa mbao, na upepo unaoshuka kutoka mlimani ukazipindua siku ya pili, mbele ya wageni. Kisha vita vya Wazungu vikaanza, na meli ikawa haiji tena. Askari wakachukua mabati na zile kamba za chuma. Waingereza walipofika, Bwana Haraka alipelekwa mbali pamoja na Wajerumani wengine, na nyumba ya kisiwani ikabaki imesimama kwenye kahawa, boriti zake zinatazamana bila kukutana. Kutu iliipanda pole pole, licha ya ile rangi ya kuzuia chumvi.

Tabea aliyaona hayo yote kila alipopita. Wengine walizunguka wakisema mahali pale pana mkosi. Yeye alifuata njia ile ile ipitayo karibu, hata akiwa na mzigo mzito. Wakati mwingine aliutua, akakaa, akatazama.

Siku moja alipita hapo na Magdalena, aliyekuwa amebeba mtoto mgongoni, mzima, mnene, analala. Koikai alikuwa amewatumia mtamba kutoka Terrat mwezi ule, na Tabea alikuwa amempokea mnyama huyo bila neno baya. Upepo ukavuma, boriti zikalia. Tabea akatabasamu. Magdalena akaliona tabasamu lile, likamtia baridi.

"Mama," alisema, "nilidhani ulisamehe."

"Koikai nilimsamehe. Alileta isale."

Akainua mzigo wake, akaupanga juu ya ngata, akaitazama ile nyumba mara moja tena kuanzia miguu mpaka kileleni ambako boriti hazikukutana.

"Hiki chuma kilileta nini?"